Miaka 41 kazini, kombe hakuna

Jamani, jana nimeachishwa kazi kwa meseji. Si barua, si kuitwa ofisini ukaambiwa kaa chini. Meseji, alfajiri, nimeshavaa buti za ghalani: usije leo, nafasi yako imeondolewa. Huku Tennessee mwajiri anaweza kukuacha siku yoyote bila hata kutaja sababu, mradi isiwe rangi yako, dini yako na mengine yaliyokatazwa na sheria. Ile notisi tuliyozoea nyumbani, hapa ni hisani ya bosi. Ninyi mnaoniandikia "kaka, nifanyie mpango nami nije", lijueni hilo kabla hamjauza kiwanja.

Mchana jirani yangu, mzee wa Kimarekani mpenzi wa Predators, timu yetu ya hoki ya barafu hapa Nashville, kuanzia kofia hadi soksi, akagonga mlango. Kaja kunipa pole kwa kunisimulia habari za David Poile. Ningemtimua, ila alikuwa ameshika sufuria ya maharage.

Poile alikuwa meneja mkuu wa timu hiyo tangu 1997, timu haijacheza hata mechi moja, mpaka alipostaafu 2023. Kabla ya hapo alikuwa na cheo hichohicho Washington Capitals, timu nyingine ya hoki, miaka 15. Jumlisheni wenyewe. Na hicho ni kiti ambacho watu wanang'olewa kama makocha wa Simba na Yanga! Capitals walimpa kazi 1982 akiwa na miaka 33, timu haijawahi kufika hatua ya mtoano tangu ianzishwe. Hazikupita wiki mbili akawa amemleta beki Rod Langway kutoka Montreal, na kuanzia hapo wakafuzu misimu 14 mfululizo.

Nikamkatiza mzee: baba yake nani? Akacheka. Baba yake ni Bud Poile, meneja mkuu wa kwanza wa Philadelphia Flyers na wa Vancouver Canucks, naye yumo kwenye Jumba la Heshima la Hoki. Ahaa! Kumbe na huku ni yaleyale, mtoto wa fulani. Halafu sisi tunahubiriwa juhudi, juhudi, juhudi.

Lakini nikitenda haki, baba hakumchezea mechi. Nashville ni mji wa muziki wa kantri, watoto wengi hawakukua na barafu. Mwaka 2007 timu ilinusurika kuuzwa na kuhamishiwa Kanada, wenyeji wakachanga mitaji wakaibakiza. Kipa Pekka Rinne, Poile alimchagua 2004, timu zinapogawana vijana wapya kwa zamu, akiwa wa 258, wakati timu nyingine zilishampita kana kwamba hayupo. Mwaka 2016 akamtoa nahodha wake Shea Weber akamchukua P.K. Subban, mtoto wa wahamiaji kutoka Karibi, na msimu uleule wakafika fainali. Pittsburgh wakalibeba kombe hapahapa Nashville, mechi ya sita. Mzee bado anaumia. Aliponisimulia aliweka kijiko chini.

Tena yule bwana 2014, akiwa pembeni ya mazoezi kule Minnesota, kile kisahani kigumu wanachokigombea kwa fimbo kilimpiga usoni, jicho la kulia halikuona tena. Ndiye aliyekuwa meneja wa timu ya Marekani iliyokuwa inakwenda Sochi kwenye Olimpiki, safari ikamponyoka. Akarudi ofisini. Amestaafu na ushindi zaidi ya 1,500, hakuna meneja mwingine wa NHL, ligi kuu ya hoki, aliyefika huko, na Kombe la Stanley, lile la bingwa wa ligi, hajawahi kulitwaa hata mara moja. 2024 wakamuingiza naye kwenye Jumba la Heshima. Sisi ghalani, bandika lebo mahali pasipo pake uone!

Mzee anasema ukumbini wanakochezea Predators wanachukua watu wa kufagia baada ya mechi. Kesho naenda kujaza fomu. Nitapanda basi, maana kuegesha gari kule katikati siku ya mechi wanakutoza hela ya sokoni ya wiki.