Nilivyoielewa miamba moto nikiwa kwenye yadi ya mawe

Mwaka niliojisajili kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kama mtahiniwa wa binafsi, jiografia ilinishinda kwenye miamba moto, ile inayotokana na mwamba ulioyeyuka ukapoa. Mchana nilikuwa karani katika yadi ya vifaa vya ujenzi, mashariki mwa Nairobi. Usiku nilikariri: granaiti, gabro, basalti, rayolaiti, obsidiani. Kukicha, yote yamepeperuka.

Jioni moja nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mawe, kitabu mkononi, nikisubiri lori la mwisho. Mzee anayetuchongea mawe, ambaye sote tunamwita guka, yaani babu, akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia, mawe.

"Haya, sikiza hili, msichana wangu." Akaligonga kwa nyundo. Likalia kama kengele.

Lilikuwa fonolaiti, jiwe linalosagwa kuwa kokoto Nairobi hii. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la sauti. Nilichukua kipande kilichovunjika nikakichungulia kwa kioo cha kukuzia: karibu chembe zote zilikuwa ndogo mno kuonekana. Siku iliyofuata nikaomba kibaki cha granaiti kwa mafundi wanaokata kaunta za jikoni. Hicho hakikuhitaji kioo. Kwatzi iling'aa kama chupa, felispa ilikuwa ya waridi, na maika ilimetameta katikati yake, kila chembe karibu ukubwa wa punje ya mchele.

Hapo ndipo nilipoelewa. Fonolaiti ilimwagika juu ya ardhi ikiwa lava, ikapoa kabla fuwele, yaani zile chembe zake, hazijapata muda wa kukua. Granaiti ilibaki chini kabisa ikiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikifunikwa na miamba isiyoachia joto, ikapoa polepole kwa maelfu na maelfu ya miaka. Ukubwa wa chembe ndio unaokusimulia jiwe lilipoa wapi. Obsidiani, kama ile ya upande wa Naivasha, ilipoa haraka hata fuwele hazikuota, ni kioo.

Nikachora jedwali kwa chaki kwenye sakafu ya stoo. Kushuka chini, niliweka mahali pa kupoa. Kwenda kando, kiasi cha silika, ile ile inayounda kwatzi: zaidi ya asilimia 63 ni miamba ya rangi nyepesi, na kati ya 45 na 52 ni ile mizito, myeusi. Granaiti na rayolaiti zikaingia safu moja, gabro na basalti safu nyingine. Ni ndugu wa magma ya aina moja waliopoa mahali tofauti. Sikukariri tena. (Hata ile "granaiti nyeusi" ya kaunta mara nyingi ni gabro, au ndugu yake dolerite.)

Fonolaiti ndiyo iliyonisumbua. Silika yake ni ya wastani, lakini ina sodiamu na potasiamu nyingi, kwa hiyo kwatzi haipati nafasi. Badala yake huota madini mengine, nefelini. Kitabu changu hakikuitaja hata mara moja, na jambo hilo liliniuma, kwa sababu mtoto wa Nairobi huikanyaga kila siku. Baadaye dereva aliniletea jiwe kutoka upande wa Kapiti, lenye fuwele kubwa zilizotapakaa katikati ya chembe ndogo mno. Hilo lilipoa mara mbili: polepole chini, kisha ghafla juu.

Kwenye mtihani nilichora jedwali lile lile.

Nilipomaliza karatasi ya mwisho nilirudi yadini. Guka alikuwa akisawazisha mawe ya kujengea ya Ndarugo. "Na hili," akaniuliza, "mbona halilii?"

Nikalimwagia kikombe cha maji. Likayanywa yote. Nikamweleza kwamba hili halikumwagika kama lava. Volkano ililirusha juu likiwa majivu, yakatua, yakashikana, yakiwa na vitundu ndani. Ndiyo maana msumeno wa mashine unalikata bila shida.

Akaligonga tena, akasikiliza. "Kumbe ni majivu," akasema, akaendelea kuchonga.