Kengele ya Chai

Binti aliyeletwa kwenye karakana yetu ya ushonaji kwa mafunzo ya miezi sita alikuwa na cheti ambacho kilikuwa kimelala ndani ya bahasha kwa miaka minne. Ni kiziwi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilimkuta peke yake kwenye cherehani akishona kola huku wenzake wote wakiwa nje wanakunywa chai, nami nikamsifu moyoni kwa bidii yake. Wiki nzima ilipita kabla sijaelewa kwamba kengele ilikuwa ikilia, wenzake wakinyanyuka nyuma ya mgongo wake, naye akibaki pale kwa kutojua. Alikuwa akishinda na njaa kwa uzembe wangu mimi msimamizi. Tukafunga taa juu ya mlango, inayowaka kengele inapolia. Fundi umeme aliimaliza kabla ya saa sita mchana.

Chuo kilikuwa kimemfundisha kupima, kukata na kushona, tena kwa unadhifu unaowashinda baadhi ya mafundi wetu wazoefu. Ambacho chuo hakikuweza kumfundisha ni namna atakavyopokewa na karakana hii, yenye kengele hii na msimamizi huyu, na ndiyo maana naona kwamba mafunzo ya watu wenye ulemavu yanayoishia darasani huacha kiporo kikubwa. Sisi hutambua kwa sikio kwamba cherehani imeanza kugoma. Yeye hulaza kiganja cha kushoto juu ya meza, na mtetemo ukibadilika huinua mguu kabla sindano haijakatika. Fundi wetu mkuu, mzee asiyependa kufundishwa na vijana, siku hizi naye hulaza kiganja, ingawa ukimuuliza atakuambia kwamba ndivyo alivyofanya tangu ujana wake.

Iringa wametutangulia sana katika jambo hili. Neema Crafts, kituo cha Kanisa Anglikana kilichoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, huwafundisha watu wenye ulemavu kazi mbalimbali za mikono na kuwaajiri hapohapo. Katika mgahawa wake wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka kula. Yaani anayejirekebisha ni mteja.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Karakana yetu ina watu 42, kwa hiyo tunadaiwa mtu mmoja na robo hivi, na kwa miaka yote hatukuwa na hata hiyo robo. Hatukukataa mtu, hakuna aliyefika mbele yetu, na hatukujiuliza sababu. Baadaye binti aliniandikia kwamba katika kiwanda kimoja alichowahi kuomba kazi, mlinzi alimrudisha getini kwa kuwa hakujibu alipoulizwa shida yake.

Mkataba wake wa ajira ulitiwa saini mwezi uliopita. Baada ya kusaini alivuta daftari na kuandika ombi moja: taa ya mlangoni ihamishiwe ukuta wa pili, kwa sababu alasiri jua huipiga na haionekani ikiwaka.