Sauti Iliyobaki Baada ya Tamthilia

Nilianza kuigiza katika tamthilia ya televisheni nikiwa na miaka 9 na kuacha nikiwa na miaka 14, na hadi leo wapo watu wazima wenzangu wanaoniita kwa jina la mhusika niliyemwigiza wakati ule. Silalamiki, kwa kuwa kazi ile ilinilea na kunifundisha nidhamu ambayo ninaitumia kila siku. Hata hivyo, huu ni mwaka wa 6 tangu nianze kuandika na kuimba nyimbo zangu mwenyewe, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni jinsi nilivyojinasua kutoka katika sura ile ya utoto. Wanaouliza huwa tayari wana jibu lao: kwamba sura ya namna hiyo huvunjwa kwa kishindo, kwa mavazi, kwa kashfa au kwa lugha ya kushtua. Mimi naona mtoto aliyekulia mbele ya kamera huvuka siku anayoacha kusema maneno aliyoandikiwa, na siku hiyo huweza kuwa ya kimya kabisa.

Mtoto mwigizaji hufunzwa mapema kwamba maneno si yake. Mswada humfikia ukiwa umekamilika, kipande cha utepe hubandikwa sakafuni ili ajue pa kusimama, na mwongozaji humweleza kama alie, acheke au anyamaze. Sifa yake kubwa ni kutii upesi. Mimi niliweza kutoa machozi kabla hata hawajamaliza kupanga taa, nikapigiwa makofi kwa hilo, wala sikumbuki mtu yeyote kuniuliza nilikuwa nikifikiria nini nilipokuwa nikilia. Kisha sauti ikavunjika. Sauti ya mvulana anayebalehe hushuka kwa takriban oktava moja, yaani ngazi nzima ya noti nane, na katika miezi ile ya kukwaruza, ambapo neno moja hutoka nene na linalofuata hutoka jembamba, mhusika wangu alipunguziwa maneno hadi akabaki mtu wa kuingia sebuleni na kutoka. Uso wangu ulibaki kwenye kumbukumbu za watazamaji, ilhali sauti waliyoizoea ilikuwa imekwisha kutoweka duniani. Nilihuzunika sana wakati ule, na ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba sauti mpya ilikuwa kitu cha kwanza ambacho hakuna mwongozaji aliyewahi kukielekeza.

Siku ya kwanza kuingiza sauti studio, nilisimama ndani ya kile chumba kidogo, nikavaa hedifoni, kisha nikajikuta natazama sakafuni nikitafuta utepe. Haukuwapo. Mdundo ulipoanza niliimba kama nilivyozoea kuigiza, kila neno likiwa na uso wake, na kipaza sauti kilichokuwa shibiri moja kutoka mdomoni kikanasa kila kitu: mate, pumzi niliyoivuta kwa madaha, hata tabasamu la kulazimisha, kwa maana tabasamu husikika. Nikamuuliza mtayarishaji anataka huzuni kiasi gani. Alizima mdundo, akaja akakaa kwenye kiti cha plastiki kando yangu, akaniomba nimsimulie kilichotokea hadi nikaandika ubeti ule. Nilimsimulia kwa karibu saa nzima habari za kifo cha bibi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinisubiri nje ya seti kila jioni akiwa na sweta langu mkononi. Tuliporudi kazini niliimba mara moja tu, kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo, na hiyo ndiyo tuliyoitumia.

Nilikuja kujua baadaye kwamba njia ile ilikuwa na wenyewe. Mwimbaji Janet Jackson aliingia katika tamthilia ya vichekesho ya Marekani mwaka 1977, akiwa na miaka 11, akaigiza mtoto anayeteswa nyumbani, na watazamaji wakampenda. Albamu zake mbili za mwanzo, za mwaka 1982 na 1984, zilitengenezwa baba yake akiwa ndiye msimamizi wa kazi zake, wala hazikumtoa katika kivuli cha kaka zake waimbaji. Akaamua kumwondoa baba yake katika usimamizi, uamuzi ambao naamini ulimgharimu moyoni kuliko wimbo wowote, akaenda mji wa Minneapolis kwa watayarishaji wa muziki Jimmy Jam na Terry Lewis. Siku za mwanzo hawakurekodi chochote; walizunguka naye mjini, wakapiga soga, na yeye alipotaka kujua kazi itaanza lini wakamwonyesha mashairi, naye akayakuta yamejaa yale waliyokuwa wakiyazungumza. Albamu waliyoitengeneza pamoja ilitoka Februari 1986, akiwa na miaka 19, ikafika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Kinachonigusa ni zile siku za mazungumzo, kwa sababu mtu aliyepewa maneno ya kusema tangu utotoni huenda asijue kwamba ya kwake yapo hadi ayaone yameandikwa mbele yake.

Mwimbaji Alanis Morissette naye alionekana katika kipindi cha watoto cha televisheni ya Kanada mwaka 1986, kisha akatoa albamu mbili za muziki wa dansi akiwa bado kijana mdogo, mwaka 1991 na 1992. Alipohamia Los Angeles na kukutana na mtunzi na mtayarishaji Glen Ballard, walizoea kuandika wimbo na kuurekodi siku hiyo hiyo, na sauti nyingi zilizomo katika albamu yake ya mwaka 1995 ni zile zile alizoimba siku wimbo ulipozaliwa. Ninaisikiliza hasa pale sauti inapotaka kupasuka. Mwigizaji angeomba kurudia.

Kuna na upande wa fedha, ambao wazazi wa watoto waigizaji wanapaswa kuujua. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939 baada ya Jackie Coogan, aliyekuwa mwigizaji wa filamu tangu utotoni, kukuta mama yake na baba yake wa kambo wametumia alichokichuma utotoni, na leo sheria hiyo hutaka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe katika akaunti ya amana, yaani ya kumtunzia hadi awe mtu mzima. Katika muziki mimi hutenganisha hakimiliki ya wimbo, yaani mashairi na melodia, na haki ya rekodi yenyewe, na sitii saini kabla ya kuona kila moja imebaki kwa nani.

Kwenye maonyesho bado hutokea mtu akaita jina la yule mhusika. Zamani nilijifanya sikusikia. Siku hizi huitika, humsalimu, kisha huanza na ule wimbo wa bibi, kwa sauti ile ile ya chini, na mara nyingi aliyeita ndiye wa kwanza kunyamaza.