Gitaa la kwanza la umeme: kasoro za bisibisi na kasoro za kuzaliwa

Anayetafuta gitaa lake la kwanza la umeme huuliza jina la kampuni, kisha rangi, kisha aina ya mbao. Vidole vyake vitakuja kuuliza mengine kabisa: nyuzi ziko juu kiasi gani kutoka kwenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na je, gitaa linabaki limepatana baada ya dakika kumi za kulicharaza? Wapo wanaoacha mapema wakiamini hawana kipaji, kumbe walikuwa wanapambana na nyuzi zilizoning'inia juu kama kamba za kuanikia nguo. Hilo linauma, kwa sababu lingeweza kuonekana dukani kabla hela haijatoka mfukoni.

Kila gitaa la bei nafuu lina kasoro. Kazi yako ni kutenganisha kasoro za bisibisi, yaani zile zinazoisha kwa kugeuza skrubu, na kasoro za kuzaliwa, ambazo zitakufuata mpaka siku utakayoliuza. Za kwanza zisikutishe. Za pili, rudisha gitaa ukutani hata kama rangi yake imekuiba moyo.

Daraja kwanza

Kabla ya kushika gitaa lolote, amua aina ya daraja, yaani kile chuma cha mwilini kinachoshikilia nyuzi upande wa mkono wa kucharazia. Yapo madaraja yaliyokaa palepale, na yapo yanayocheza, yenye mkono wa kutikisia sauti. Daraja linalocheza huvutwa mbele na nyuzi sita na kurudishwa nyuma na springi zilizojificha mgongoni mwa gitaa, kwa kawaida 3, zikiongezwa hufika 5. Seti ya nyuzi za 10 hadi 46 (unene wa uzi mwembamba na mnene kwa sehemu za elfu za inchi) huvuta kwa jumla takriban kilo 46 kwenye gitaa la urefu wa Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender. Mizani hiyo ikiguswa upande mmoja, kila kitu kinasogea. Ukikaza uzi mmoja, wengine watano wanalegea kidogo. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, waliobaki wote wanapanda sauti.

Anayeanza hajazoea hata kutyuni, yaani kupatanisha nyuzi, kwenye gitaa lililotulia, kwa hiyo kumpa daraja linaloelea ni kumwongezea mzigo bila sababu. Chukua lisilocheza. Kama gitaa unalolipenda lina springi, fungua kifuniko cha mgongoni na ukaze skrubu mbili zinazovuta springi, zamu kwa zamu, huku ukityuni tena kila baada ya hatua, mpaka bamba la daraja lilale bapa juu ya mbao. Bado litashuka ukisukuma mkono, ila halitayumba lenyewe.

Mfumo wa Floyd Rose, unaofunga nyuzi kwa vyuma pande zote mbili, ni mzuri sana kwa anayeuhitaji. Kwa gitaa la kwanza, uache. Kubadilisha tu nyuzi kunataka spana za L, uvumilivu na mtu wa kukuonyesha.

Vipimo vya mwili wako

Urefu wa uzi unaolia, kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani, ni milimita 648 kwa Stratocaster na Telecaster, karibu 628 kwa Les Paul ya Gibson, na 610 kwa Mustang na Jaguar, nazo za Fender. Zinaonekana tofauti ndogo, lakini nguvu ya uzi hufuata mraba wa urefu: kushuka kutoka 648 hadi 628 kunalegeza nyuzi zilezile kwa karibu asilimia 6, na freti zinasogeleana. Mwenye vidole vifupi ataijua tofauti hiyo kwenye freti tatu za mwanzo. Nyuzi za 9 hadi 42 nazo hupunguza mvuto hadi takriban kilo 38, kwa hiyo usikatae gitaa kwa ugumu wa nyuzi kabla ya kuuliza zimefungwa namba ngapi.

Uzito: magitaa mengi yako kati ya kilo 3 na 4.5. Livae kwa mkanda, simama, kisha ondoa mkono wa kushoto. Shingo ikizama kuelekea sakafuni, mkono huo utakuwa unabeba gitaa badala ya kubana nyuzi. Hiyo ni kasoro ya kuzaliwa.

Mbao zisikunyime usingizi. Kwenye gitaa la umeme la kuanzia, pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi), spika na mkono wako vitabadilisha sauti kuliko jina la mti.

Ukaguzi wa robo saa

Nenda na kadi tatu za plastiki za saizi ya kadi ya benki, tyuna (programu ya simu inatosha) na karatasi chache za kawaida. Huhitaji kujua wimbo hata mmoja. Tyuni kwanza, kwa sababu vipimo vya gitaa lisilopatana ni vya uongo.

Lete kichwa cha gitaa karibu na jicho, utazame shingo kwa urefu kama anayelenga shabaha. Freti zote zionekane kama ngazi zilizo sambamba. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, shingo imejipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, na hakuna skrubu ya kuirudisha. Acha hapo hapo.

Mpindo wa mbele, kama upinde mdogo sana, ni jambo jingine, tena unatakiwa uwepo. Bana uzi wa sita (ule mnene) kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, kisha angalia nafasi iliyo chini yake kwenye freti ya 7 au 8. Iwe milimita 0.2 hadi 0.3, sawa na karatasi mbili au tatu zilizobebana. Ikizidi au ikikosekana kabisa, nondo ya chuma iliyo ndani ya shingo inaweza kukazwa au kulegezwa. Muulize muuzaji airekebishe mbele yako. Akisema imefika mwisho au haizunguki, shukuru, uondoke.

Sasa kimo cha nyuzi. Kadi mbili zikibebana zina unene wa milimita 1.5 hivi. Zilaze juu ya freti ya 12 chini ya uzi wa kwanza, ule mwembamba. Zikiingia na kubaki na upenyo mdogo, kimo ni kizuri. Uzi wa sita uwe juu zaidi kidogo, karibu milimita 2. Kadi ya tatu ikipita kwa raha chini ya uzi wa kwanza, nyuzi ziko juu mno, lakini usihukumu bado. Tazama vibebeo, vile vipande vidogo vya daraja vinavyopandisha na kushusha nyuzi. Kama vina nafasi ya kushuka, hii ni kasoro ya bisibisi. Kama vimeshalala chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, shingo imefungwa kwa pembe mbaya. Wanunuzi wengi hawakitazami kipimo hiki kimoja, nacho ndicho hutofautisha gitaa la kurekebishwa na gitaa la kujutia.

Nenda kichwani, kwenye kile kijifupa chenye mikato sita inayopitisha nyuzi. Bana uzi kwenye freti ya 3, uangalie juu ya freti ya kwanza. Pawe na upenyo mwembamba kama unywele. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, utakwaruza ukipigwa bila kubanwa. Upenyo ukiwa mpana, kubana freti ya kwanza kutauma na sauti itapanda kuliko inavyotakiwa, hata tyuna ikisema kila kitu kiko sawa. Fundi hurekebisha mikato hiyo kwa tupa ndogo, kwa hiyo ihesabu kwenye bei.

Kisha kazi ya kuchosha kidogo: bana kila uzi kwenye kila freti. Gitaa la freti 22 lina vituo 132, na dakika tano zinatosha. Sikiliza bila amplifaya. Mkwaruzo hafifu usiosikika kwenye spika si tatizo. Tatizo ni sauti inayokufa ghafla. Ikifa kwenye kituo kimoja tu, freti inayofuata kuelekea darajani imeinuka. Mkwaruzo ukitawala freti tano za mwanzo, mara nyingi shingo imenyooka kupita kiasi, na nondo itatibu. Ukitawala juu, baada ya freti ya 12, mara nyingi kimo kimeshushwa mno. Halafu bana uzi wa kwanza kwenye freti ya 12 hadi 17, ukiusukuma pembeni mpaka sauti ipande hatua nzima, sawa na freti mbili. Ikizimika njiani, pandisha kimo kidogo na ujaribu tena. Ikiendelea kuzimika, freti hazijasawazishwa.

Pitisha kiganja kwenye kingo za shingo kutoka juu hadi chini. Ukihisi meno ya msumeno, mbao zimekauka na kusinyaa huku chuma cha freti kikibaki na urefu wake. Fundi huyapiga tupa yakaisha, lakini ni kazi ya kulipia.

Mwisho, utulivu. Vuta kila uzi taratibu kama unayenyoosha upinde, kisha tyuni tena. Nyuzi mpya hulegea mara kadhaa mwanzoni, hiyo ni tabia yao. Lakini ukisikia "tik" kichwani unapokaza ufunguo, na sauti ikaruka badala ya kupanda polepole, uzi unang'ang'ania kwenye mkato wa kijifupa. Unga wa risasi ya penseli ndani ya mkato huo unasaidia sana. Watu hulaumu funguo za kukazia, wakanunua mpya, na tatizo likabaki, kwa sababu halikuwa kwenye funguo.

Umeme

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Ya koili moja hutoa sauti angavu inayolia kama kengele, lakini hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani wa 50 au 60 Hz. Hambaka ina koili mbili zilizosukwa ili mvumo wa moja uufute wa nyingine, na sauti yake ni nene zaidi, inafaa ukipenda sauti ya kukwaruza ya makusudi, kama ya muziki wa roki. Usiyejua bado utapiga muziki gani, tafuta gitaa lenye hambaka moja karibu na daraja na pikapu mbili za koili moja mbele yake. Yamaha Pacifica 112 ni mfano unaojulikana wa mpangilio huo. Squier, tawi la Fender, na Epiphone, tawi la Gibson, nazo zina magitaa ya kuanzia yanayostahili kukaguliwa.

Chomeka gitaa kwenye amplifaya, pandisha volyumu, sogeza swichi kila nafasi na ugonge kidogo juu ya kila pikapu kwa ncha ya bisibisi ndogo. Kila inayopaswa kufanya kazi itajibu "tok". Vitufe vikikwaruza vinapozungushwa, mara nyingi ni vumbi, na dawa ya kusafishia viunganishi huliondoa. Tikisa jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo, taratibu: sauti ikikatika, ni nati iliyolegea au waya ulioachia. Ukigusa nyuzi, mvumo unapaswa kupungua. Ukiongezeka, waya wa ardhi umekatika au umeunganishwa kinyume. Na ukihisi mtetemo wa umeme vidoleni, achia nyuzi na uchomoe amplifaya ukutani papo hapo. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi.

Usitie bajeti yote kwenye gitaa. Theluthi moja iende kwa amplifaya ya wati 10 hadi 20 yenye tundu la hedifoni, kebo ya mita 3, mkanda, na vicharazio vya unene wa milimita 0.6 hadi 0.8. Spika ya redio au mashine ya karaoke itatoa sauti, lakini iliyofifia, kwa sababu pikapu inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaohmu 1. Tundu la maikrofoni liko chini sana ya hapo, nalo humeza mlio wote wa juu.

Likifika nyumbani

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua huvuruga inayofuata: nondo ya shingo, kimo, urefu wa kila uzi, kisha pikapu. Nondo igeuzwe robo mzunguko kwa mara moja, kisha utyuni upya na kupima. Ikigoma, usilazimishe.

Kwa urefu wa uzi, gusa kidogo juu ya freti ya 12 bila kubana, upige, usome tyuna. Kisha bana freti hiyohiyo na upige tena. Sauti iliyobanwa ikiwa juu, sogeza kibebeo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya, maana nyuzi zilizochakaa hudanganya.

Pikapu hupimwa ukiwa umebana freti ya mwisho: acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na sumaku. Zikikaribiana mno, sumaku huvuta uzi mnene, na sauti yake inatikisika kana kwamba nyuzi mbili zisizopatana zinalia pamoja. Mtu anaweza kutyuni usiku kucha bila kuipata, wakati inataka mizunguko miwili tu ya bisibisi kwenye skrubu za pikapu.