Mustang imenenepa, magurudumu yamekonda

Wiki ya 1

Ekseli ngumu, ile inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma kama kitu kimoja, imetoka chini ya Mustang GT yangu ya 2001. Bolti za mikono minne inayoishikilia, shokapu nne (mbili za kusimama na mbili za kulala, zile zinazozuia ekseli isijipinde ukikanyaga mafuta), breki, propela, basi. Kuifungua hakukuwa kazi, kazi ilikuwa kuisogeza. Difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili), mirija yake, shafti, diski na kalipa ni mzigo mmoja, na mzigo huo unatikiswa kila tairi mojawapo inapopanda tuta. Tuliivuta sakafuni watu wawili, tukihema. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kuhusu uzito usiobebwa na springi, yaani vyote vinavyopanda na kushuka pamoja na tairi. Sasa naujua kwa mgongo.

Kinachoingia badala yake ni mfumo wa nyuma wa Cobra ya 1999, toleo la Mustang lenye nguvu zaidi, ambao kila gurudumu linajitegemea. Ford waliubuni ushike kwenye matundu yaleyale ya ekseli ya zamani, na ndiyo sababu niliuchagua: hakuna kukata, hakuna kuchomelea. Difu yake ni ya inchi 8.8 kama ile ya awali, ila nyumba yake ni ya alumini na haichezi na magurudumu. Imefungwa kwenye fremu ndogo, na fremu hiyo imefungwa kwenye bodi.

Wiki ya 2 na ya 3

Mabomba ya breki na kebo za hendibreki. Bomba la ekzosi, lililokuwa limepindwa kupita juu ya ekseli, sasa halina njia. Nimelikata. (Ndiyo, nilisema hakuna kukata.)

Wiki ya 4

Siku ya mizani, moja chini ya kila tairi, tangi likiwa nusu kama nilipolipima gari kabla ya kuanza. Kabla: kilo 1,486. Sasa: kilo 1,521. Rafiki yangu alicheka: umefanya kazi mwezi mzima ili gari liwe zito?

Ndiyo, na nilijua. Mfumo wa Cobra unazidi ekseli ngumu kwa takriban kilo 36, lakini unapunguza karibu kilo 57 kwenye uzito usiobebwa na springi. Gari zima limeongezeka, ila kinachorukaruka na tairi kimepungua, na hicho ndicho shokapu inahangaika nacho. Tairi ikipanda tuta ikiwa nyepesi, inarudi kwenye lami upesi, na muda inapoelea hewani haishiki chochote. Tena kilo zilizoongezeka zote zimekaa nyuma: sehemu ya nyuma ilibeba asilimia 42.9, sasa inabeba 44.3. Kwa gari lenye pua nzito kama hili, silalamiki.

Mtu asiseme kwamba magurudumu yanayojitegemea lazima yalete unene. Mazda MX-5 ya 1989 ilikuwa nayo mbele na nyuma, na gari zima halikufika tani moja. Iliundwa hivyo tangu mwanzo. Mimi nimechomeka fremu nzima kwenye bodi iliyochorwa kwa ajili ya ekseli. Jaguar walikwenda mbali zaidi kwenye E-Type ya 1961: hata diski za nyuma walizihamishia kando ya difu, zisibebwe na magurudumu. Akili kubwa, mpaka joto la breki lipike sili za difu na fundi alazwe chini ya gari kubadilisha pedi.

Wiki ya 6

Barabarani. Kona yenye mashimo iliyokuwa ikinirusha nyuma pembeni, nimeipita mara tatu nikidhani nimekosea njia. Tairi ya kushoto inakanyaga shimo, ya kulia haina habari.

Kisha nikasimama, nikapandisha mizunguko, nikaachia klachi. Du-du-du-du! Nyuma nzima inadunda kama kuna mtu anaipiga nyundo. Tatizo ni bushi, vile vipande vinavyokaa kwenye viungo kati ya chuma na chuma. Fremu, difu na mikono, vyote vimekaa kwenye mpira laini. Nguvu inapokuja, difu inajikunja, mpira unairudisha, tairi inashika na kuachia. Ekseli ngumu ina viungo vichache, na ukiondoka moja kwa moja tairi zake hubaki wima. Ndiyo maana wapenda mbio za mstari mnyoofu huutupa mfumo huu na kurudisha ekseli, na ndiyo maana GT500 ya 2013, Mustang kali kuliko zote za wakati huo, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 662 juu ya ekseli ngumu. Mustang zote zilipata nyuma ya kujitegemea kuanzia toleo la 2015 tu.

Sitairudisha. Mimi napenda kona.

Wiki ya 7

Bushi za fremu nimeweka za alumini, za difu za plastiki ngumu. Mdundo umepungua sana lakini haujaisha, na sasa difu inaimba ndani ya gari kuanzia kilomita 80 kwa saa. Bushi za mikono bado ni za zamani. Alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) nimeiacha hadi zibadilishwe, maana ukikanyaga mafuta tairi ya kulia bado inageukia nje kidogo, na ukiachia inarudi.