Siku moja maishani mwangu: fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, anayejifunza kugonga arpejio kwa gitaa

Saa kumi na moja asubuhi. Mtaa wa Umoja bado ni giza na mimi nishakaa kwa kitanda na gitaa. Siwashi amplifaya saa hii, ukuta ni mwembamba na jirani ako na mtoto mchanga. Gitaa ya stima bila stima inatoa kasauti kadogo tu, na kwa hii kitu najifunza hiyo ni sawa kabisa, ju kama noti haisikiki bila amplifaya basi vidole havijafanya kazi yao. Nimefunga soksi pale freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vimelala kwa shingo ya gitaa) ndio nyuzi zingine zisilie zenyewe.

Kitu yenyewe iko hivi. Arpejio ni kodi ya gitaa (chord) ukiipiga noti moja moja badala ya zote pamoja. A maina iko na A, C na E, na kwa uzi wa kwanza, ule mwembamba, A iko freti ya 5, C iko 8, E iko 12. Mkono wa kushoto haufiki kutoka 5 mpaka 12, so ile ya 12 unaigonga na kidole cha kati cha mkono wa kulia, piki, kale kaplastiki ka kupigia nyuzi, imebaki imebanwa kati ya gumba na kidole cha shahada, unakivuta uzi ulie kwa 5, halafu kidole cha mwisho cha kushoto kinashuka kwa 8. 12, 5, 8. 12, 5, 8. Piki haigusi uzi hata mara moja. Mpiga gitaa Eddie Van Halen ndiye alifanya dunia nzima igeuze shingo 1978 na hii kugonga, lakini kuna watu waligonga kabla yake, Steve Hackett wa bendi ya Genesis ni mmoja wao, na mimi napenda sana kujua kwamba hata hii ilipitia mikononi mwa watu wengi.

Metronomu ya simu, ile ya kuhesabu mapigo, iko 60 kwa dakika, noti tatu kwa kila pigo, noti 180 kwa dakika. Niko hapo wiki ya tatu sasa na sijapandisha.

Saa moja, matatu. Jogoo Road imesimama. Kidole cha mwisho kinafanya mazoezi kwa paja.

Saa tatu duka limefunguliwa. Kazi yangu ni kutengeneza amplifaya na wufa, na leo asubuhi yote imeisha kwa amplifaya ya kanisa fulani inayonguruma. Nikifungua napata kapasita mbili kubwa zimefura kichwani. Hizo hushiki ovyo hata kama umechomoa waya kwa soketi, zinaweka stima ndani, lazima uimwage kwanza. Nikazitoa, nikachomelea mpya, mngurumo ukaisha.

Saa saba na nusu nimerudi kutoka kula chapo madondo, nikachukua gitaa ya kujaribia niisikize ile amplifaya, na mkono ukaenda wenyewe kwa 12, 5, 8. Kumbe kuna mzee amesimama mlangoni, mteja wetu wa kitambo, alipiga solo kwa bendi za benga miaka ya 1980. Akasikiza bila kusema kitu. Mimi kusema ukweli nilitetemeka, ju benga si mchezo, ile solo inakimbia na kumjibu mwimbaji na bado kila noti inasikika peke yake.

"Kijana, vidole viko sawa," akaniambia. "Lakini mguu wako uko wapi?"

"Mguu, mzee?"

"Noti zako ziko tatu tatu. Ya kwanza ni gani?"

Nikashindwa kumjibu. Wiki tatu nimekuwa nikizungusha noti tatu kama tairi na sijawahi kujiuliza pigo linaangukia wapi. Akaketi kwa kreti, akaniambia nigonge ile ya 12 wakati mguu unagonga sakafu, vyote pamoja, hizo mbili zingine zifuate zenyewe. Nikajaribu. Haki ilikuwa noti zile zile, spidi ile ile, lakini saa hii zilikuwa zinatembea, mpaka bosi akatoa kichwa kwa kaunta kuangalia ni nani. Nikamwambia mzee asante mara tatu hivi.

Saa kumi na mbili tumefunga. Msongamano, mvua kidogo, nyumbani saa mbili.

Saa mbili na nusu niko na hedfoni kwa amplifaya ndogo. Sasa nasikia kosa lingine ambalo gitaa kavu ilikuwa imenificha: noti ya 5 inasikika kidogo kuliko zingine. Nilikuwa nainua kidole cha kulia juu moja kwa moja, na ukiinua hivyo uzi unaachwa bila nguvu. Kinatakiwa kitoke kwa pembeni, kikwaruze uzi kikienda, yaani kule kuondoka kwake ndio kunapiga noti inayofuata. Wengi wanakazana kugonga kwa nguvu na nguvu haiko hapo. Nimerudia hiyo tu karibu saa nzima, mguu chini, kidole pembeni, mpaka ncha ikaanza kuwaka.

Kitu saa tatu na nusu nikapandisha metronomu mpaka 70. Ikakubali. Nikasogeza kidole cha kulia freti moja tu, 12 ikawa 13, na A maina ikageuka F meja, ju A na C ziko kwa zote mbili. Halafu G, hapo mkono wote unahama, 7, 10 na 15, na mara nne za kwanza nimekosa 15 kabisa. Mara ya tano ikaingia na mguu ukiwa chini.

Saa nne usiku. Soksi iko bado kwa freti ya kwanza, siitoi. Kesho asubuhi naanza na E meja, 4, 7, 12.