vkcube ilivyokuwa ikikwama kwenye laptopu yangu ya Linux, na nilivyoitatua

Khronos, muungano wa kampuni za teknolojia, walitoa Vulkan, njia ya programu kuzungumza na kadi ya michoro, Februari 2016, na mojawapo ya programu ndogo za kuionyesha ni vkcube: mche mraba unaozunguka dirishani. Naipenda sana, maana inakwambia papo hapo kama mfumo mzima wa michoro uko sawa.

Kwangu mche ulizunguka, lakini nikikuza dirisha ulikwamakwama, na feni ikavuma kama mashine ya kusaga. Nilihangaika na draiva, yaani programu inayoendesha kadi hiyo ya michoro, jioni nzima. Nikaifuta, nikaiweka upya, wapi! Kilichonifumbua macho ni amri hii:

vulkaninfo --summary

Inaorodhesha vifaa ambavyo Vulkan inaviona. Kulikuwa na jina moja tu, llvmpipe. Hiyo si kadi, ni programu inayochora kwa kutumia prosesa. Kadi ya Intel ilikuwemo, ila Vulkan haikuweza kuifungua. Nikatazama kwa ls -l /dev/dri: faili la renderD128, ambalo ndilo mlango wa kadi, ni la root (msimamizi mkuu) na kundi la render, na akaunti yangu mpya haikuwamo katika kundi hilo. Linux niliyoiweka ni nyepesi, haitoi ruhusa hiyo yenyewe. Nikajiongeza kundini:

sudo usermod -aG render,video $USER

Kisha toka kwenye akaunti kabisa, uingie tena. Kufungua dirisha jipya la amri hakutoshi. Hapo nilipoteza nusu saa.

Safari hii vulkaninfo ikaitaja Intel, mche ukateleza, feni ikanyamaza. Mwenye kadi mbili achague kwa vkcube --gpu_number 1.